Kwa nini CD uliyoichoma inaimba kwenye kompyuta na kugoma kwenye gari

Miaka kadhaa iliyopita niliichomea kwaya moja nakala 40 za albamu yao. Nyimbo 14, dakika 71, bahasha za karatasi zenye dirisha, kila kitu. Nilizijaribu zote kwenye kompyuta ile ile iliyozichoma na zote ziliimba. Jumapili zikauzwa baada ya ibada, Jumatatu simu zikaanza. Dereva wa Noah alisema nyimbo kumi za mwanzo ni tamu, ila kuanzia ya kumi na moja waimbaji wanashikwa na kigugumizi. Mama mmoja alisema redio yake ya nyumbani inaizungusha CD, inatafutatafuta, kisha inaandika NO DISC. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeniumiza zaidi. Yeye nilikuwa nimempa nakala ya kwanza kabisa aikague kabla ya nyingine kuchomwa, akaniambia tu "ni nzuri", kumbe kila akiiweka kwenye deki yake inatemwa na aliona aibu kusema.

Nikafanya kama tufanyavyo wengi, nikalaumu CD. Feki hizi. Nikanunua boksi la bei kubwa zaidi, nikachoma upya zile zilizorudishwa, na malalamiko yakapungua bila kuisha. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wale watu watatu walikuwa na magonjwa matatu yasiyohusiana, na boksi jipya lilitibu moja tu, tena nusunusu.

CD ya kiwandani haichomwi

Albamu ya dukani hupigwa chapa kama kipande cha sabuni. Plastiki ya moto inasukumwa kwenye kalibu yenye vinundu, ikipoa inabaki na vishimo, inapakwa aluminiamu nyembamba ili ing'ae, na juu yake vanishi. Vishimo hivyo vimepangwa kwenye mstari mmoja tu unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, mzunguko mmoja ukiwa umbali wa mikromita 1.6 kutoka kwa jirani yake. Unywele mmoja wa kichwani ukiulaza juu yake unafunika mizunguko kama arobaini. Mstari wa CD ya dakika 74 ukiunyoosha barabarani unazidi kilomita 5.

Leza ya deki, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 ambao jicho halioni, inaumulika mstari huo. Pasipo na shimo mwanga unarudi na nguvu, penye shimo unarudi hafifu. Lakini deki haijali kishimo kiko wapi. Inajali kina urefu gani. Kuna aina tisa tu za urefu, fupi kuliko zote ikikaribia mikromita 0.83, na muziki wote umeandikwa kwa kupokezana urefu huo. Ni kama ngoma: ujumbe haumo kwenye pigo, umo kwenye muda kati ya pigo na pigo. Shika jambo hili, tutalirudia tukifika kwa dereva wa Noah.

CD-R, ile tupu ya kuchomwa mara moja, haina vishimo. Ina mfereji mtupu uliochorwa kiwandani, umepakwa rangi ya kikemikali, na nyuma ya rangi kuna tabaka la fedha au dhahabu linalofanya kazi ya kioo. Leza ya kuandikia ina nguvu kuliko ya kusomea. Inaipasha rangi moto mpaka inaharibika pale ilipoguswa, na pale palipoharibika mwanga haurudi vizuri tena. Hivyo neno letu la mtaani ni sahihi kabisa, ni kuchoma kweli. Ila kinachopatikana ni alama ya kuungua inayojifanya kishimo. Deki ikidanganyika, CD inaimba. Isipodanganyika, inatemwa.

Mpangilio wa CD ya muziki uliwekwa na Philips na Sony mwaka 1980. CD-R ilipata kanuni zake mwaka 1990, wakati mamilioni ya deki yalikwisha kuwa sebuleni kwa watu na hakuna hata moja lililotengenezwa likiijua. Kwa hiyo ilibidi mgeni ajifunze tabia za mwenyeji. CD ya kiwandani inatakiwa kurudisha angalau asilimia 70 ya mwanga. CD-R ikabanwa irudishe angalau 65. Pengo dogo, deki nyingi zinalivumilia.

Nakala ya mwalimu

Sasa, nilipomwandalia mwalimu wa kwaya nakala ya kukagua, nilibana matumizi. Nilitumia CD-RW, ile inayofutika, nikisema akinirudishia nitaifuta niitumie tena. Akili ya mhasibu.

CD-RW, iliyoingia sokoni mwaka 1997, haitumii rangi. Inatumia mchanganyiko wa metali unaoweza kugeuzwa hali yake na joto na kurudishwa ilivyokuwa. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake ni kwamba inarudisha asilimia 15 hadi 25 tu ya mwanga. Deki iliyozoea kioo inaletewa kipande cha bati lililofifia. Nyingi za zamani zinaamua hapo hapo kwamba hakuna kitu ndani. Hakuna programu, kasi wala maombi yatakayobadilisha hilo. Kompyuta inaisoma kwa sababu draivu zake zilitengenezwa kwa kuijua CD-RW na huongeza usikivu wa jicho zikikutana nayo.

Kwenye DVD mchezo ni ule ule kwa sura nyingine. DVD inayofutika hurudisha mwanga asilimia 18 hadi 30, na kwa bahati mbaya hicho ndicho kiwango cha DVD ya kiwandani yenye matabaka mawili. Deki kadhaa za mwanzo zilipokutana na DVD-RW zilidhani ni filamu ndefu ya tabaka mbili, zikaanza kulitafuta tabaka la pili lisilokuwepo, na huko kutafuta hakukuwa na mwisho. Kuna kioja kingine cha miaka hiyo. DVD hutumia leza nyekundu ya nanomita 650, na rangi ya CD-R karibu yote inaunywa mwanga huo badala ya kuurudisha. Matokeo yake, deki za kwanza za DVD zenye leza moja tu zilikuwa haziioni kabisa CD-R, huku CD-RW, maskini wa mwanga, ikisomeka. Watengenezaji wakaongeza leza ya pili ya nanomita 780 ndani ya deki na tatizo likafa.

Kwa kazi yoyote ya kumpa mtu mwingine, basi, tumia ile ya kuandikwa mara moja. Ya kufutika ibaki kwako mezani.

Mama na ukurasa wa yaliyomo

Redio ya yule mama haikuwa na shida ya kuona. CD aliyopewa ilikuwa CD-R safi. Kosa lilikuwa langu, na lilitokana na wema: mwenyekiti wa kwaya aliniambia huenda ukaongezwa wimbo wa kumi na tano, basi nakala kadhaa za mwisho nikaziacha wazi ili niweze kuongezea. Wimbo haukuja, nikasahau kuzifunga.

Deki ya muziki haianzi kusoma wimbo wa kwanza. Inaanza sehemu ya ndani karibu na tundu, penye orodha inayosema kuna nyimbo ngapi na kila mmoja unaanza dakika na sekunde ya ngapi. Ni ukurasa wa yaliyomo. Bila huo haijui pa kwenda, na haina akili ya kupapasa. Unapochoma bila kufunga, draivu huandika orodha ya kushikilia tu kwa sasa kwenye ukanda mwingine ulio ndani zaidi ya hapo, mahali ambapo draivu za kuandikia zinapajua na deki za kawaida hazina habari napo. Ndiyo maana kompyuta yangu ilisoma na redio yake ikaona utupu. Kufunga, au Finalize kama programu nyingi zinavyoandika, ni kuuandika ukurasa wa yaliyomo mahali pake halali, pamoja na alama ya mwisho ukingoni.

Unaweza pia kuchoma kwa awamu, leo nyimbo tano, kesho nyingine, kila awamu ikifungwa peke yake. Awamu ya kwanza ikifungwa inakula kama megabaiti 22 za nafasi na kila inayofuata kama 13, lakini hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba deki nyingi za muziki husoma awamu ya kwanza na kusimama. Utaongeza nyimbo kumi na msikilizaji atazisikia tano zile zile.

Njia salama inaitwa Disc-At-Once, au DAO: leza inawashwa mara moja, inaandika mwanzo, nyimbo zote na mwisho bila kupumzika, inazimwa. Nyingine, Track-At-Once, huzima leza kati ya wimbo na wimbo na kuacha mshono kila mahali, pamoja na ukimya wa sekunde 2. Kwa albamu ya kawaida ukimya huo haumsumbui mtu. Jaribu kuchoma hivyo mahubiri yaliyokatwa vipande, au kaswida inayotiririka dakika arobaini bila kituo, na utaona aibu yake.

Dereva wa Noah

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo ushauri wa mtaani unapopotosha zaidi.

Mstari wa CD huanza ndani kwenda nje. Nyimbo za mwanzo ziko karibu na tundu, za mwisho ziko ukingoni. Ukisikia nyimbo za mwisho tu ndizo zinazorukaruka, usihangaike na orodha wala aina ya faili. Ukingo wa CD umeandikwa vibaya au deki inashindwa kuufuata. Ukingoni ndipo CD inapoyumba zaidi ikizunguka, ndipo rangi iliyopakwa kwa haraka kiwandani huwa haijakaa sawasawa, na ndipo draivu inapoandika kwa kasi yake kubwa kabisa.

Kasi hiyo ni kitu cha kutisha ukiipigia hesabu. Kasi ya kusikiliza, yaani 1x, ni mita 1.2 hadi 1.4 za mstari kwa sekunde. Draivu inayojisifu kwa 52x, ikifika ukingoni, inapitisha mstari chini ya leza kwa zaidi ya mita 60 kwa sekunde, yaani kupita kilomita 220 kwa saa, na CD inazunguka mara 10,000 na ushei kwa dakika. Katika mbio hizo leza inatakiwa iwake na kuzimika ili alama ya mikromita 0.83 iwe ya mikromita 0.83. Kumbuka ngoma. Alama ikirefuka kidogo kwa sababu joto lilisambaa, au ikifupika kwa sababu rangi haikupata moto wa kutosha, pigo linakaa mahali pasipo pake. Moja halionekani. Maelfu yakijirundika, deki inaanza kusoma urefu mmoja kama mwingine.

CD ilitengenezwa ikijua makosa yatakuwepo. Data zimesukwa na kutawanywa kwa hesabu za ziada kiasi kwamba mkwaruzo unaofuta karibu milimita 2.5 za mstari unaweza kurekebishwa wote, usisikie kitu. Hata kanuni zenyewe zinaruhusu vipande vidogo vya data hadi 220 vyenye kosa kwa sekunde. Wema huu una hila yake: CD iliyochomwa vibaya na iliyochomwa vizuri zinaimba sawasawa siku ya kwanza. Tofauti ni akiba iliyobaki. Iliyochomwa vibaya imeshatumia akiba yote ya kurekebisha makosa kabla hata haijatoka kwako, kwa hiyo vumbi kidogo, mkwaruzo mmoja, au lenzi ya gari yenye ukungu wa miaka kumi, na kigugumizi kinaanza.

Na kompyuta? Kompyuta inadanganya kwa nia njema. Ikikuta mahali pagumu inapunguza mwendo, inarudi, inasoma tena mara nyingi, kisha inakupa wimbo kana kwamba hakuna kilichotokea. Redio ya gari haina nafasi hiyo. Inatakiwa itoe muziki bila kukatika, gari likiwa kwenye makorongo, na ina akiba ya sekunde chache tu. Tena draivu iliyoandika ndiyo rafiki mkubwa wa maandishi yake. Kumpima mwanafunzi kwa kumwuliza mama yake.

Basi tuchome polepole, si ndivyo? Nusu ni kweli. Ushauri wa kuchoma kwa 1x ulikuwa na maana enzi za CD-R za mwanzo. CD za kisasa za 52x zina rangi nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya moto mkali wa muda mfupi. Ukiipa moto mdogo wa muda mrefu, alama zinavimba na kupoteza kingo. Draivu nyingi za siku hizi zimekataa hata kukupa 1x. Mimi CD huzichoma kwa 16x, wakati mwingine 24x, na DVD za 16x kwa 8x. CD ya dakika 80 kwa 16x ni dakika tano. Kwa 52x ningeokoa dakika mbili tatu za kunywa chai.

Kuna jambo wengi hawalijui kuhusu majina ya boksi. Kabla ya kuandika, draivu hujaribu nguvu ya leza yake kwenye ukanda maalumu karibu na tundu (CD-R ina nafasi ya majaribio kama 100), na husoma alama ya mtengenezaji iliyofichwa kwenye kutikisika kwa mfereji. Ndani ya draivu kuna jedwali: rangi ya kiwanda fulani ichomwe hivi, ya kiwanda kingine vile. Mtengenezaji akiwemo kwenye jedwali, kazi inatoka safi. Asipokuwemo, draivu inakisia. Na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi si lazima liwe la kiwanda kilichotengeneza. Kampuni nyingi zilinunua CD kutoka viwanda tofauti na kugonga chapa yao, kwa hiyo boksi mbili zinazofanana nje zinaweza kuwa na vitu viwili tofauti ndani. Hii ndiyo sababu mtu mmoja anaapa kwa chapa ileile ambayo mwenzake anailaani, na wote wawili ni wakweli. Ziko programu za bure zinazokuonyesha alama hiyo. Ukipata aina inayopendana na draivu yako, nunua nyingi.

Rangi ya mgongo pia inasema kitu, ingawa isikupeleke mbali: kijani au samawati ni ya familia ya sayanini, iliyo karibu na uwazi au dhahabu ni ftalosayanini, bluu nzito ni azo. Sayanini ndiyo ya kwanza na huvumilia tofauti za nguvu za leza, lakini jua inaliogopa. Ftalosayanini hukaa miaka mingi zaidi ila inataka leza iliyopimwa vizuri. Kwa gari linaloshinda kwenye jua la Dodoma ningechagua kuitoa CD kwenye dashibodi kabla ya kujisumbua na kemia.

Deki inaona, lakini haielewi lugha

Mpaka hapa nimezungumzia CD ya muziki ya kawaida. Malalamiko mengi ya leo yanatoka kwingine: mtu kaburuta faili kutoka kwenye simu, kaziweka kwenye CD, kachoma, na anashangaa.

CD ya muziki na CD yenye faili za muziki ni vitu viwili. Ya kwanza haina faili. Ni mlolongo wa sauti ghafi, vipimo 44,100 kwa sekunde, na haizidi dakika 80. Ya pili ni kama kabati la faili. Kwa MP3 za kilobiti 128 unaweza kujaza zaidi ya saa 12, na kwa bahati nzuri data za faili zina ulinzi wa ziada dhidi ya makosa ambao sauti ghafi haina. Lakini redio isiyojua MP3 itaiona kama CD ya kelele au tupu. Inayojua MP3 si lazima ijue kingine. Zile sauti za WhatsApp, na rekodi za simu zinazoishia na m4a, kwa redio nyingi za gari ni Kichina. Kubadili jina la faili liishie na mp3 ni kumvalisha mbuzi kanzu. Lazima faili ligeuzwe kwa programu. Chagua kiwango kisichobadilikabadilika, kilobiti 128 au 192, kwa maana redio za zamani zikikutana na kiwango kinachopanda na kushuka huonyesha muda wa uongo, nyingine hukwama kabisa. Majina yawe mafupi, herufi za kawaida na tarakimu, yakianza na 01, 02, 03, la sivyo wimbo wa 10 utatangulia wa 2.

Video ina masharti makali zaidi. Deki ya DVD inataka folda inayoitwa VIDEO_TS, ndani yake picha za MPEG-2 zilizokatwa kwenye mafaili yasiyozidi gigabaiti 1, na mafaili madogo ya kuongoza. Video ya simu ya mp4 haimo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa picha ni megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini kwenye DVD ya kuchoma mimi sivuki 7; deki inayohangaika kusoma inahitaji nafasi ya kupumua, na sherehe za harusi zenye vumbi la taa na watu wanaocheza ndizo hasa zinazopandisha kiwango. Usijaze mpaka mwisho pia. Ile 4.7 ya kwenye boksi ni bilioni za baiti, kompyuta itakuonyesha kama 4.37, na mimi huishia 4.2 ili kuukwepa ukingo.

Halafu kuna Japani na Marekani. Sehemu kubwa ya magari yetu yanakuja yametumika Japani, na redio zake zilitengenezwa kwa FM ya huko, megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu zimejaa kati ya 88 na 108. Kwa madereva wengi CD ndiyo ilikuwa stesheni. Ila skrini za magari hayo zinatarajia picha za mfumo wa NTSC, mistari 480, na sisi Afrika Mashariki tuko mfumo wa PAL, mistari 576. DVD ya harusi iliyotengenezwa kwa PAL mara nyingi haitaonyesha kitu kwenye Noah hiyo, hata kama sebuleni inang'aa. Vivyo hivyo shangazi aliyeko Marekani. Deki nyingi za huku hucheza NTSC bila shida, za kule kwa PAL hukataa, basi ikiwa diski itasafiri, itengeneze kwa NTSC na sauti ya AC3, yaani ile ya Dolby. Suala la kanda za dunia, zile namba zinazofungia filamu za DVD kwa eneo, lisikusumbue. Tanzania na Kenya ziko kanda ya 5, lakini DVD unayoichoma mwenyewe haina kanda.

Na lile swali la kila siku, kujumlisha au kutoa? DVD-R ilianzishwa na Pioneer mwaka 1997, DVD+R ikaja mwaka 2002 na kambi shindani. Kwa deki za zamani sana kutoa ina nafasi bora kidogo kwa sababu ya umri. Lakini kujumlisha ina ujanja ambao mwenzake hana: DVD zote hubeba mwanzoni kitambulisho cha aina, na kwenye DVD+R draivu nyingi zinaweza kukiandika kisomeke DVD-ROM, yaani ya kiwandani. Deki inayobagua kwa kitambulisho inapita getini bila kuuliza. Kwenye DVD-R sehemu hiyo imeandikwa tayari kiwandani.

Mzigo wa pili

Nilizichoma upya nakala 40. CD-R za aina moja iliyopendana na draivu yangu, 16x, DAO, zimefungwa. Majina niliandika kwa kalamu ya maji ya CD, si lebo za gundi. Lebo ikikaa upande kidogo inaifanya CD iyumbe, na kwenye joto hukunjamana. Juu ya CD ndiko kwa kuogopa, si chini. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja, juu kuna vanishi tu kisha kioo, na mkwaruzo wa kalamu ya wino mgumu hapo unaondoa nyimbo moja kwa moja.

Kabla ya kuzigawa sikuzijaribu kwenye kompyuta. Nilichukua nakala tatu, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, nikamfuata fundi redio wa mtaani aliyekuwa na redio mbovu kuliko zote ninazozijua, lenzi imechoka kiasi kwamba hata za dukani inazisoma ikitaka. Nikazicheza wimbo wa 14 moja kwa moja. Mbili ziliimba. Ya tatu ilikwama, na nilipoigeuza nikaona alama ya kidole changu ukingoni. Nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mstari ndio usiorekebishika. Ikaimba.

Mwalimu wa kwaya nilimpelekea yake mkononi, tukaisikiliza pamoja kwenye deki yake hadi mwisho. Wimbo wa tisa aliniambia sauti ya pili imeingia mapema. Hilo nilimwachia yeye.